Barua ya Wazi kwa Wabunge wa Texas, Austin na Washington: Sheria ya Mpaka Iwe na Mwenyewe Mmoja

Kwa Waheshimiwa Wajumbe wa Baraza la Seneti na Baraza la Wawakilishi la Jimbo la Texas, Austin. Na kwa Waheshimiwa Maseneta na Wawakilishi wa Texas katika Bunge la Marekani, Washington.

Waheshimiwa,

Ninawaandikia nikiwa mkazi wa Houston na mkalimani wa Kiswahili ambaye kwa muda mrefu amekuwa akijitolea kuzisaidia familia za wakimbizi na waombaji hifadhi, wengi wao wakiwa Wakongomani waliopitia kambi za Nyarugusu nchini Tanzania, Kyangwali nchini Uganda au Dzaleka nchini Malawi kabla ya kufika Texas. Nimeiandika barua hii kwa Kiswahili na kuiweka hadharani ili wale ambao jambo hili linawagusa waisome wenyewe, na wanisahihishe ikiwa nimewasemea visivyo; tafsiri ya Kiingereza itawafikia katika ofisi zenu.

Jambo lenyewe ni mamlaka juu ya mpaka na uhamiaji: je, ni ya serikali ya shirikisho au ni ya jimbo? Swali hili limebishaniwa mahakamani kwa miaka mingi na mawakili hodari wa pande zote, hata mtu wa kawaida akadhani kwamba halimhusu. Ukweli ni kwamba jibu lake ndilo linaloamua iwapo mtu ambaye serikali moja imempangia tarehe ya kusikilizwa kesi yake anaweza kukamatwa na serikali nyingine kabla ya tarehe hiyo kufika. Msimamo wangu nautaja mapema ili msiutafute: sheria ya uhamiaji itungwe na itekelezwe na serikali ya shirikisho, jimbo lisijitungie ya kwake; na serikali hiyo ya shirikisho ibebe mzigo wake yenyewe, bila kuwageuza polisi wa mitaa yetu kuwa maafisa wake wa uhamiaji. Nasimama hapo bila kujali ni chama gani kimeshika Ikulu ya Washington au jumba la gavana mjini Austin.

Naanza na sheria ya Texas inayojulikana kama SB4, ambayo Gavana Greg Abbott aliitia saini mjini Brownsville tarehe 18 Desemba 2023. Sheria hiyo inamfanya mtu yeyote asiye raia anayeingia Texas kutoka nchi ya nje bila kupita katika kituo halali cha mpakani kuwa mkosaji mbele ya sheria za jimbo, na adhabu yake kwa kosa la kwanza inaweza kufika siku 180 jela. Inampa hakimu wa jimbo uwezo wa kumwamuru mtu huyo arudi katika nchi aliyotokea alipovuka mpaka. Anayekaidi amri hiyo anahesabiwa kuwa ametenda kosa kubwa la jinai, lenye kifungo cha miaka 2 hadi 20. Kuvuka mpaka kwa njia isiyo halali tayari ni kosa chini ya sheria za shirikisho, na limekuwa hivyo kwa miongo mingi. Jipya katika SB4 ni kwamba jimbo limejipa mamlaka ya kukamata, kuhukumu na kufukuza kwa hesabu zake lenyewe.

Naomba mtazame kwa karibu kifungu kimoja cha sheria hiyo, kwa sababu ndicho kinachowagusa zaidi watu ninaowatafsiria. Kifungu hicho kinasema kwamba mahakama ya jimbo hairuhusiwi kusimamisha kesi ati kwa sababu uamuzi wa serikali ya shirikisho kuhusu hadhi ya uhamiaji ya mshtakiwa bado unasubiriwa. Aliyekwisha kupewa hifadhi, au aliyekubaliwa kuwa nchini kihalali, anaweza kujitetea kwa hoja hiyo. Anayesubiri hana kinga iliyotajwa kwa jina lake. Nao wanaosubiri ndio wengi kupita wote.

Mwishoni mwa Mei 2019, karibu na Eagle Pass, mji wa Texas ulio mpakani, askari wa doria ya mpakani waliwapokea kwa mkupuo watu 116 waliovuka mto Rio Grande, wakiwemo watoto, wakitoka Kongo, Angola na Kameruni. Siku chache baadaye mamia ya watu wa namna hiyo walikuwa San Antonio, na mji ukawa unatafuta wenye kujua Kifaransa wa kuwasaidia. Watu wale hawakuwa wamejificha. Walivuka, wakajisalimisha, wakachukuliwa alama za vidole, wakapewa karatasi ya kuitwa mbele ya jaji wa uhamiaji, wakaruhusiwa kuendelea na safari. Sheria ya shirikisho inampa mtu aliye ndani ya ardhi ya Marekani haki ya kuomba hifadhi hata kama hakupita kituoni, na inampa mwaka mmoja wa kuwasilisha ombi lake.

Chukueni mama mmoja wa aina hiyo, mzaliwa wa Uvira, Kongo, akifika wakati SB4 inatumika. Serikali ya shirikisho imemwandikia: njoo tarehe fulani, tutakusikiliza. Askari wa jimbo akimkamata kabla ya siku hiyo, karatasi ile haizuii mashtaka. Hakimu akimwamuru aondoke, anaamriwa kwenda Meksiko, nchi ambayo hana uraia wake wala jamaa, na ambayo huenda aliipita tu njiani. Serikali ya Meksiko ilitangaza Machi 2024 kwamba kwa hali yoyote ile haitawapokea watu wanaorudishwa na Texas. Kwa hiyo mama huyu atasimamishwa kwenye daraja ambalo maafisa wake ni wa shirikisho, akiwa na amri ya jimbo ya kuvuka, mbele ya nchi iliyosema haitamfungulia; na asipovuka, anaweza kushtakiwa kwa kosa la kifungo cha hadi miaka 20. Nimejaribu kufikiri ni ushauri gani ningemtafsiria mtu huyo kwa Kiswahili akauelewa na kuufuata, na sijaupata.

Nafahamu kwamba sheria hii imekaa mahakamani karibu maisha yake yote. Ilipangwa kuanza tarehe 5 Machi 2024. Tarehe 29 Februari, Jaji David Ezra, aliyeteuliwa na Rais Ronald Reagan, aliizuia. Tarehe 19 Machi Mahakama ya Juu iliiruhusu ianze, na usiku huo huo majaji wa Mkondo wa Tano, yaani mahakama ya rufaa ya shirikisho inayohudumia Texas, wakaizuia tena. Julai 2025 jopo la majaji watatu wa mahakama hiyo ya rufaa lilidumisha zuio kwa kura 2 dhidi ya 1, na mwezi uliofuata mahakama hiyo ikakubali kuisikiliza upya mbele ya majaji wake wote. Katika saa chache za ile tarehe 19 Machi simu yangu haikutulia. Watu waliuliza kama waende kazini, kama wampeleke mtoto kliniki, kama karatasi ya mahakama ya uhamiaji itoshe ikiwa watasimamishwa barabarani. Waliokuwa wakiuliza ni watu wenye kesi zilizo wazi, wenye vibali vya kazi, wanaolipa kodi. Lolote litakaloamuliwa na majaji mwishoni, nguvu ya kuifuta sheria hii mnayo ninyi mlioitunga, na mahakama haina haja ya kuwafanyia kazi hiyo.

Kanuni ninayoitetea ni ya zamani. Mwaka 1874 meli iliyotoka China ilitia nanga San Francisco, na kamishna wa uhamiaji wa jimbo la California akapanda, akawatazama abiria, akaamua kwa macho yake kwamba wanawake 22 kati yao walikuwa watu wa tabia mbaya, kisha akadai dhamana ya dola 500 za dhahabu kwa kila mmoja ndipo washuke. Kesi ya mmoja wao, Chy Lung, ilifika Mahakama ya Juu. Jaji Samuel Miller, akiandika kwa niaba ya mahakama, alionya kwamba ikiwa jimbo moja linaweza kufanya hivyo, basi jimbo moja linaweza kuliingiza taifa zima katika ugomvi na mataifa mengine kwa matendo ambayo taifa halikuyaamua. Hoja hiyo imerudi mara nyingi. Mwaka 1941 mahakama hiyo iliondoa sheria ya Pennsylvania iliyowataka wageni wajiandikishe kila mwaka na kutembea na kadi ya jimbo. Mwaka 2012, katika kesi ya Arizona, Jaji Anthony Kennedy aliandika uamuzi uliofuta vifungu vitatu kati ya vinne vilivyobishaniwa vya sheria ya SB 1070, kikiwemo kilichomfanya mtu kuwa mhalifu wa jimbo kwa kukosa hati za shirikisho. Kifungu kilichobaki, cha polisi kuuliza hadhi ya mtu waliyemsimamisha kwa sababu nyingine halali, kilibaki chini ya masharti.

Kwetu sisi tuliotoka Afrika Mashariki mpangilio huu si mgeni. Katiba ya Kenya ya 2010, ambayo iligawa madaraka mengi kwa kaunti 47, iliacha uhamiaji na uraia mikononi mwa serikali ya kitaifa. Tanzania, ambako Zanzibar ina rais wake, baraza lake la kutunga sheria na mahakama zake, uhamiaji na uraia vimo katika orodha ya mambo ya Muungano. Waliozitunga katiba hizo walijua kwamba mgeni anapogonga hodi, anagonga hodi ya nchi.

Sidai kwamba serikali ya shirikisho ina huruma kuliko majimbo. Historia hainiruhusu. Serikali hiyo hiyo iliyowaokoa wanawake wa San Francisco dhidi ya kamishna wa California ilipitisha mwaka 1882 sheria ya kuwafungia Wachina mlango, na haikuiondoa hadi 1943. Mamlaka ninayoyatetea leo ndiyo yaliyotumika tarehe 20 Januari 2025 kusimamisha mpango wa kuwapokea wakimbizi, wakati Wakongomani walikuwa kundi kubwa kuliko yote katika mwaka wa bajeti uliotangulia, zaidi ya watu 19,000. Familia ninazozijua zilikuwa na ndugu waliokwisha kupimwa afya na kuuza vyombo vyao kambini. Lakini hata siku hiyo tulijua uamuzi ni wa nani, tulijua ni Bunge gani la kulilalamikia, na tulijua ni uchaguzi gani unaoweza kuubadilisha. Mtu anayetawaliwa na sheria mbili zinazopingana hajui hata mlango wa kupeleka malalamiko yake.

Tulilipata somo hili mapema kupitia mpango huo huo wa wakimbizi. Mwaka 2016 Texas ilitangaza kujitoa katika kuuendesha pamoja na serikali ya shirikisho, na mashirika ya hiari yakaendelea na kazi. Kisha, kwa amri ya rais ya Septemba 2019 iliyowapa magavana sauti ya kukubali au kukataa wakimbizi, Gavana wetu akawa wa kwanza kukataa, tarehe 10 Januari 2020. Siku tano baadaye jaji wa shirikisho huko Maryland aliisimamisha amri hiyo. Katika siku hizo tano mzee mmoja, ambaye binti yake alikuwa Nyarugusu na alishapangiwa kuja kwake, alinitaka nimuulizie kama mtoto angepelekwa jimbo lingine na yeye ahame amfuate, au kama yeye kuwa Texas kungemharibia binti safari. Hakuna aliyeweza kumjibu, kwa kuwa kila ofisi niliyoipigia simu ilisema jibu liko kwa nyingine.

Sasa niwatendee haki wale wanaoiunga mkono SB4, maana malalamiko yao hayakuzuka hewani. Desemba 2023 askari wa doria waliwakamata karibu watu 250,000 katika mpaka wote wa kusini magharibi, idadi ambayo haikuwahi kuonekana katika mwezi mmoja. Eagle Pass ni mji wa watu wapatao 28,000. Siku ile ile Gavana alipotia saini SB4, maafisa wa shirikisho walifunga kwa muda njia za reli za Eagle Pass na El Paso, kwa sababu watumishi wao walihitajika kuwaandikisha waliovuka. Wakulima waliona uzio wao umekatwa, hospitali ndogo zilielemewa, zimamoto walitumia siku zao kuopoa maiti mtoni. Mkazi wa mji ule aliyesema kwamba Washington imemwacha alikuwa anasema kweli, na mimi sina haki ya kumbeza kutoka Houston, mbali na mto.

Walioiacha hali ikafika hapo, hata hivyo, ni Bunge la Marekani, na hapa nawageukia ninyi mlioko Washington. Marekebisho makubwa ya mwisho yaliyowapa watu njia ya kuhalalishwa yalitiwa saini na Rais Reagan mwaka 1986, na yaliwanufaisha watu wapatao milioni 2.7. Viwango vya viza za familia na kazi vinafuata hesabu za mwaka 1990. Sheria kali ya 1996 iliongeza adhabu bila kuongeza milango. Juni 2013 Seneti ilipitisha muswada mpana kwa kura 68 dhidi ya 32. Baraza la Wawakilishi halikuupigia hata kura. Februari 2024 muswada mwingine wa vyama viwili ulikwama katika Seneti. Wakati huo wote kesi katika mahakama za uhamiaji ziliongezeka hadi kupita milioni 3, zikiwa mbele ya majaji wapatao 700. Mtu anayeomba hifadhi leo anaweza kungoja miaka kabla ya kusikilizwa, na kungoja huko kunawaumiza wenye madai ya kweli na kuwavuta wasio nayo.

Mlipopata nafasi ya kurekebisha, katika sheria kubwa ya bajeti iliyotiwa saini tarehe 4 Julai 2025, mlitenga dola bilioni 45 kwa ajili ya vituo vya kuwazuilia watu, kisha mkaweka kikomo cha majaji wa uhamiaji kisizidi 800. Nimeisoma sehemu hiyo zaidi ya mara moja nikitafuta maelezo yake. Kumzuilia mtu ni hatua. Kumhukumu kwa haki ndiyo kazi yenyewe, na ndiyo mliyoinyima watu.

Sheria hiyo hiyo ilitenga takribani dola bilioni 13.5 za kuyarudishia majimbo gharama za mpaka. Texas, ambayo ilianzisha Operesheni Lone Star, mpango wake yenyewe wa kulinda mpaka, Machi 2021 na kutumia zaidi ya dola bilioni 11, ilikuwa imekwisha kuomba irudishiwe. Kwa miaka minne jimbo lilisema linafanya kazi ambayo ni haki yake. Mwishoni likapeleka ankara Washington kwa madai kwamba kazi ilikuwa ya Washington. Naikubali hoja ya ankara kuliko ile ya kwanza. Lakini kama kazi ilikuwa ya shirikisho, basi maboya yaliyowekwa katika Rio Grande Julai 2023, seng'enge za wembe kandokando ya mto, na askari wa Kikosi cha Ulinzi wa Taifa waliopangwa huko yalipaswa kupangwa na anayewajibika kwa taifa zima, maana mwisho wa yote taifa zima ndilo lililolipa, wakiwemo walipa kodi wa majimbo ambayo hayakupigia kura jambo hilo.

Madhara ya kuwa na wenye mpaka wawili yalionekana wazi Januari 2024 katika bustani ya Shelby, Eagle Pass. Tarehe 10 jimbo liliitwaa bustani hiyo na kuwazuia askari wa doria ya shirikisho wasiitumie kama walivyozoea. Tarehe 12 usiku, mama mmoja na watoto wawili walikufa maji katika eneo hilo la mto. Serikali mbili zikaanza kubishana, hadi katika nyaraka zilizopelekwa Mahakama ya Juu, kuhusu nani aliarifiwa nini, saa ngapi, na kama mtu yeyote angeweza kuwaokoa. Sitaki kuamua ubishi huo hapa, maana sikuwepo na ushahidi wa pande mbili haulingani. Ninachowaomba mkitafakari ni kwamba ubishi wenyewe uliwezekana. Maafisa wenye bunduki wa serikali mbili za nchi moja walikuwa langoni wakiulizana nani ana ruhusa ya kuingia, umbali mfupi kutoka ukingo wa mto. Siku kumi baadaye Mahakama ya Juu, kwa kura 5 dhidi ya 4, iliwaruhusu askari wa shirikisho kukata seng'enge za jimbo, na Gavana akajibu kwa kutangaza kwamba Texas imevamiwa na kwamba Katiba inampa haki ya kujilinda. Kifungu anachokitegemea kinahusu jimbo kuingia vitani. Familia iliyovuka mto na kujisalimisha kwa askari haiwezi kuitwa jeshi.

Upande wa pili wa kanuni hii unawabana wale ambao pengine wamefurahia barua yangu hadi hapa. Ikiwa mpaka ni wa shirikisho, basi kazi yake pia ni ya shirikisho. Mwaka 1997, katika kesi ya Printz iliyohusu sheria ya bunduki, Jaji Antonin Scalia aliandika kwamba serikali ya shirikisho haiwezi kuwalazimisha maafisa wa majimbo kuutekeleza mpango wake. Ni kwa msingi huo California ilipitisha SB 54 mwaka 2017 na kuwazuia polisi wake kufanya kazi nyingi za uhamiaji, na mahakama ya rufaa ikaikubali. Anayeshangilia uamuzi wa Scalia unapolinda bunduki hana budi kuukubali unapomlinda sherifu asiyetaka kuwa afisa wa uhamiaji. Vivyo hivyo, jimbo lililodai mwaka 2024 kwamba mipaka yake haiingiliwi halikupaswa, Oktoba 2025, kuwapeleka askari wake wa Kikosi cha Ulinzi wa Taifa Illinois, ambako gavana hakuwataka. Desemba 2025 Mahakama ya Juu ilikataa kuiruhusu serikali ya shirikisho kuwatumia askari hao katika Illinois wakati kesi ikiendelea.

Hili linanileta kwenye SB 8, mliyoipitisha ninyi wa Austin mwaka 2025 na kuiwekea tarehe 1 Januari 2026 ya kuanza, inayowataka masherifu wanaoendesha jela waingie mkataba na ICE, idara ya shirikisho ya kutekeleza sheria za uhamiaji, chini ya kifungu cha 287(g) kilichoongezwa katika sheria ya uhamiaji ya shirikisho mwaka 1996. Naelewa kwamba kisheria hali ni tofauti: anayewalazimisha masherifu hapa ni jimbo lao wenyewe, na kazi inafanyika chini ya usimamizi wa shirikisho. Hofu yangu ni ya barabarani. Mikataba hii ina sura zaidi ya moja. Mmoja unafanya kazi ndani ya jela, kwa mtu aliyekwisha kukamatwa kwa kosa jingine. Mwingine unampa askari wa kaunti mamlaka ya kuuliza hadhi ya uhamiaji akiwa kwenye doria ya kawaida. Huu wa pili uliachwa mwaka 2012 na kurudishwa 2025.

Mkimbizi ambaye hajatimiza mwaka nchini hana grini kadi. Sheria inamtaka akae mwaka mmoja kwanza ndipo aombe. Kitambulisho chake kikuu ni fomu ya I-94, karatasi yenye herufi RE mahali pa daraja la kuingilia, ambayo wengi huihifadhi ndani ya mfuko wa plastiki katika dashibodi, pamoja na kadi ya bima ya gari. Nimewaona maafisa wa benki, makarani wa shule na waajiri wakiigeuza karatasi hiyo mbele na nyuma, wakitafuta picha ambayo haipo. Baba anayetoka zamu ya usiku ya ghala, anayesimamishwa saa kumi alfajiri kwa taa ya nyuma iliyokufa, anayejua Kiswahili, Kibembe na Kiingereza kidogo, atamkabidhi karatasi hiyo askari aliyepata mafunzo mafupi kuhusu sheria ambayo mawakili huisomea miaka. Baba huyo ana haki kamili ya kuwa nchini. Kumthibitishia hilo askari, usiku, kando ya barabara, ni jambo jingine. Akishinda siku mbili ndani kwa kosa la kusomwa vibaya, kesho yake hatapiga simu polisi nyumba ya jirani itakapovunjwa, na mke wake hatapiga atakapopigwa. Masherifu na wakuu wa polisi wa miji mikubwa wamelisema hili kwa miaka, wakiwemo wa jimbo letu.

Maombi yangu kwenu wa Austin ni kwamba SB4 ya 2023 ifutwe katika kikao cha kawaida kijacho, kitakachoanza Januari 2027, badala ya kuachiwa majaji. Na kwamba SB 8 irekebishwe ili mikataba yote ya 287(g) katika Texas iishie ndani ya jela, askari yeyote anayehusika afundishwe kuzitambua hati za wakimbizi na waombaji hifadhi, na kila kaunti itangaze kila mwaka ni watu wangapi walizuiliwa kisha wakaonekana kuwa na haki ya kuwepo. Hesabu hiyo ya mwisho ndiyo ninayoisisitiza zaidi. Bila hiyo mtakuwa mnaipima sheria kwa waliokamatwa tu, na waliokamatwa kimakosa hawatahesabiwa popote.

Kwenu wa Washington, ninaomba mwondoe kikomo cha majaji 800 na mwajiri wa kutosha kumaliza kesi ndani ya miezi, pamoja na wakalimani wa Kiswahili, Kilingala, Kinyarwanda na Kirundi, kwa kuwa nimeona kesi zikiahirishwa kwa kukosa mtu mmoja wa kutafsiri. Ninaomba mrudishe mpango wa wakimbizi kwa idadi itakayowekwa kwa mashauriano na Bunge, kama sheria ya 1980 ilivyokusudia. Na ninaomba fedha za kuisaidia miji ya mpakani kama Eagle Pass, Del Rio na Brownsville ziende moja kwa moja kwa miji hiyo, kwa hospitali na zimamoto wake, ili meya wake asilazimike kuchagua kati ya gavana na rais pindi mto utakapojaa watu tena. Idadi ya wanaovuka ilishuka sana mwaka 2025, hadi chini ya watu 10,000 kwa mwezi katika miezi kadhaa. Utulivu huo ndio muda wa kutunga sheria. Ikifika Desemba nyingine kama ile ya 2023, hakuna atakayekuwa na subira ya kusikiliza.

Nipo tayari kufika mbele ya kamati yoyote itakayoniita, Austin au Washington, pamoja na wale miongoni mwa ninaowatafsiria watakaokubali kusema kwa majina yao. Tungeomba majibu yenu kwa maandishi, na tutayasoma kwa Kiswahili katika makanisa, misikiti na vyama vyetu vya Houston, Dallas, Fort Worth, San Antonio na Abilene.

Naomba kuwasilisha.

Mkalimani wa kujitolea na mkazi wa Houston, Texas